Githeri Bila Chumvi

Wangeci hakuwa mwanamke wa kuambiwa jambo mara mbili. Siku aliyoambiwa kliniki kwamba presha ya mumewe imepanda, na kwamba asimtilie tena chumvi kwenye chakula, alirudi nyumbani Kariobangi, akaishusha pakiti ya chumvi kutoka kwenye rafu, akavuka uani na kumpa jirani yake Nthoki. Nthoki akamuuliza kama wanahama.

"Hatuhami," Wangeci alisema. "Sitaki tu ilale kwangu."

Basi ikawa hivyo. Kama mwenye nyumba hali chumvi, hakuna atakayekula. Binti yao Lydiah, aliyekuwa darasa la sita na asiyejua presha ni nini, alihukumiwa pamoja na baba yake, naye akajifunza kumeza bila kukunja uso, kwa sababu mama alikuwa akimtazama.

Aliyeteseka hasa ni baba mwenyewe, Bedan. Alikuwa mpakizi katika kiwanda kimoja cha mablanketi kule Industrial Area, mtu mwenye mabega mapana na mdomo uliopenda raha yake. Hakuwa mlevi, hakuwa mzururaji. Starehe yake yote duniani ilikuwa sahani. Mtu kama huyo ukimnyima chumvi umemnyima Jumapili, na Wangeci alilijua hilo, kwa maana ndiye aliyekuwa akiisubiri sauti yake ya kuridhika baada ya tonge la kwanza tangu walipooana. Sasa lile tonge la kwanza lilikuwa likimezwa kimya.

Hakukata tamaa lakini. Usidhani ilikuwa kazi rahisi kumpikia mtu bila chumvi katika mwaka wa 1984. Mvua ilikuwa imekataa, mahindi meupe yametoweka sokoni, na yaliyopatikana yalikuwa ya njano kutoka ng'ambo, ambayo watu wa mtaa waliyala huku wakiyatukana. Wangeci alikamua ndimu juu ya sukuma wiki. Vitunguu alivikaanga polepole mpaka vikawa rangi ya chai. Maharagwe aliyatilia dania nyingi, na viazi alivichemsha na ndizi mbichi na majani ya malenge, akaviponda pamoja, kwa sababu ndizi ina utamu wake na mdomo ukipata kitu cha kufikiria husahau kidogo unachokikosa. Kwa ugali wa njano aliandaa maziwa ya mgando alipoyapata. Asipoyapata, alikata nyanya na pilipili mbichi na kumwomba Mungu amsaidie.

Lakini chakula chenyewe cha nyumba ile kilikuwa githeri, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Githeri hushibisha, huvumilia, ya leo huliwa kesho, na hubebwa kazini kwenye mkebe. Shida ilikuwa hayo mahindi ya njano. Yalikuwa na kiburi. Ungeyachemsha tangu asubuhi, na mchana ukiyauma yakuume wewe, na makaa nayo yalikuwa yamepanda bei kama kila kitu mwaka ule. Kwa hiyo Wangeci alifanya alichofanya kila mwanamke wa ploti ile ya vyumba vya kupanga: alitupa kipande cha magadi ndani ya sufuria. Ni vile vijiwe vya kijivu vinavyouzwa sokoni kwa mafungu. Ukivitia, punje hulainika kabla makaa hayajaisha. Mama yake alivitumia, na nyanya yake pia, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuviita chumvi. Chumvi ni nyeupe na hukaa kwenye pakiti. Magadi ni magadi.

Na kadiri mahindi yalivyozidi ukaidi, ndivyo kipande kilivyozidi ukubwa. Siku moja Bedan alitafuna, akatua, akamwangalia.

"Leo umefanya nini? Hii imeingia mdomo."

Wangeci alifurahi kama msichana aliyesifiwa ngoma. Tangu siku hiyo akawa mkarimu wa magadi. Akayatia kwenye githeri, akayatia kwenye kunde, akayatia hata kwenye maharagwe mabichi ambayo yangeiva yenyewe, kwa sababu yalileta ladha fulani na mumewe alikuwa akimaliza sahani.

Ugomvi haukuisha hata hivyo. Jumapili moja, watu wote wakiwa uani wanafua na kusukana nywele, Bedan alichukua sahani yake ya viazi, akaenda nayo mpaka mlangoni kwa Nthoki.

"Jirani, nisaidie na chumvi kidogo," alisema. "Mimi si mfungwa."

Nthoki hakujua aangalie wapi. Kabla hajajibu, Wangeci alikuwa amefika na kuinyakua ile sahani mikononi mwa mumewe, mbele za watu, jambo ambalo mwanamke wa malezi yake hakupaswa kulifanya hata kwa ndoto.

"Unataka kuniachia huyu mtoto peke yangu?" aliuliza. "Kama ni kufa, ukufe na kitu ingine. Si chakula yangu."

Bedan alisimama pale, mikono mitupu, halafu akamfuata ndani, akaketi, akala viazi vyake vyote. Hakumpigia kelele, wala hakumnunia. Na hakuomba chumvi tena. Kila asubuhi alichukua mkebe wa githeri aliofungiwa na mkewe, akaubana kwapani, akashika njia ya kazini kwa miguu. Wangeci alimtazama akienda, na moyoni alijiambia kwamba kwa hili wameshinda.

Hawakuwa wameshinda. Miguu ya Bedan ilianza kuvimba, kwanza jioni tu, baadaye hata asubuhi, viatu vikakataa kuingia. Pumzi ikawa fupi. Akawa analala ameketi, ameegemea ukuta. Wangeci alizidisha bidii, akapunguza mafuta, akaondoa nyama kabisa, na githeri ikawa chakula cha mchana na jioni, kwani ndiyo aliyoila bila kulazimishwa. Mwishowe walimpeleka hospitali, na hospitali ikamlaza.

Wodini kulikuwa na muuguzi mmoja, Sista Shamis, mwanamke wa makamo aliyejifunga mtandio mweupe, mpole wa maneno. Siku ya pili alimketisha Wangeci kwenye benchi la nje na kumuuliza mgonjwa hula nini nyumbani. Alimuuliza kwa wema, na Wangeci alimjibu kwa fahari, maana hili ndilo somo alilokuwa amelisoma vizuri kuliko mengine yote maishani mwake. Akamweleza kuhusu ndimu na dania na ndizi mbichi. Akamweleza jinsi alivyoitoa chumvi nyumbani, isibaki hata punje. Akamweleza githeri inavyopikwa, mahindi ya njano, kipande cha magadi.

"Magadi," Sista Shamis alirudia. "Kila siku?"

"Kila siku. Bila magadi hayaivi."

Yule muuguzi aliangalia mikono yake kidogo kabla ya kusema.

"Mama, magadi na chumvi ni mtu na ndugu yake. Kile daktari alikuwa anakataza kwa chumvi, hata kwa magadi kiko. Tena kingi."

"Ulikuwa hujui," Sista Shamis aliendelea. "Sisi pia tungeuliza mapema. Na moyo wake ulikuwa umechoka kutoka zamani, hata bila hiyo. Usijibebeshe yote peke yako."

Lakini atajibebesha nani mwingine? Wangeci alitembea kutoka hospitali asione magari wala watu. Alikuwa akihesabu sufuria. Kila sufuria aliyoipakua kwa upendo, kila mkebe alioufunga kwa mkono wake, kila siku mumewe alipomaliza sahani naye akashukuru. Alikuwa amemlinda mlangoni dhidi ya mwizi, kumbe mwizi alikuwa ameshakaribishwa ndani na kupewa kiti. Aliona aibu, kisha akaona hofu, na chini ya hofu kulikuwa na huzuni ambayo hakuweza hata kuilia.

Alifikiria kunyamaza. Angejua yeye na Sista Shamis tu, na mgonjwa haongezewi uzito. Lakini Wangeci hakuweza kuishi na neno lililolala tumboni. Siku iliyofuata alipika maharagwe bila magadi, akayachochea tangu alfajiri mpaka makaa ya nyumba yakaisha na akakopa ya Nthoki, akayapeleka wodini yakiwa laini. Bedan alikula vijiko viwili. Uso wake ulikuwa umejaa maji, macho yamekuwa madogo.

"Baba Lydiah," Wangeci alisema. "Ni mimi nimekuharibu."

Akamweleza yote, bila kujitetea, akiangalia blanketi. Alipomaliza, Bedan alivuta pumzi zake fupi, moja baada ya nyingine. Halafu akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani.

"Magadi gani," alisema. "Wewe unafikiri mimi nilikuwa nakula hiyo chakula yako hivyo tu?"

"Unasema nini?"

"Nilikuwa na chumvi kazini. Nimefunga kwa karatasi, naweka kwa mfuko ya koti. Ukinipatia githeri, mimi nafika huko naimwagia. Kila siku. Na pale kwa geti kuna mama anauza matumbo ya kukaanga, hiyo nayo nilikuwa nakula. Si wewe, Mama Lydiah. Ni mdomo yangu."

Wangeci alimtazama mtu huyu. Mwanzoni hakuelewa, kisha akaelewa, na hasira ikampanda kutoka miguuni. Alikumbuka viazi vya mtoto visivyo na ladha, aibu ya pale uani, jinsi alivyomwombea kila asubuhi akimsindikiza kwa macho, na mwenzake amebeba chumvi mfukoni. Alimwambia maneno ambayo hayasemwi wodini. Alimwambia ni mwongo, ni mbinafsi, amemfanya mjinga mbele ya Mungu na watu. Mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka akaangalia ukuta. Bedan alimwacha aseme. Alinyoosha tu mkono wake uliovimba juu ya blanketi, na Wangeci akachukua bakuli lake akaondoka bila kuushika.

Na ukweli usemwe: alipofika nje alipumua. Alikuwa na hasira, lakini hasira ni nyepesi kuliko kile kitu kingine alichokuwa amekibeba tangu jana. Mwenye kosa amepatikana, na si yeye. Usiku huo alilala, jambo ambalo hakulitarajia. Kesho yake alipika uji wa wimbi, akamtuma Lydiah aupeleke. Mwambie baba yako nina kazi, alisema. Alitaka Bedan aionje hasira hiyo siku moja tu, kisha angekwenda, wangegombana vizuri na kusameheana, kama walivyozoea.

Lydiah alirudi na uji wake. Baba alikuwa ameshaaga alfajiri.

Walimzika kwao Murang'a, na Wangeci hakulia sana. Watu wa ukoo walisema amekuwa jasiri. Haukuwa ujasiri. Kila kilio kilipomjia alikumbuka karatasi ya chumvi, akakaza meno, na kilio kikarudi kilikotoka. Ile hasira ilimshika mkono kaburini, ikampandisha basi, ikamrudisha Kariobangi salama.

Wenzake Bedan wa kiwandani hawakuwa wamepata ruhusa ya kwenda mazishini. Wakaja Jumapili iliyofuata, mchana, na sukari na unga na majani ya chai, kama ada ilivyo. Nthoki na wanawake wa ploti walikuwa wamepika. Wageni waliketi uani kwa mabenchi ya kuazima, wakasali, wakala, wakaanza kusimuliana habari za marehemu. Aliyeongea zaidi alikuwa Mulama, mpakizi kama yeye, jitu refu lenye sauti nzito, ambaye miaka yote alikuwa akila chakula cha mchana na Bedan, wameketi juu ya gunia moja.

"Shemeji," alimwambia Wangeci, "mimi sijaona mwanamume anaogopa bibi yake kama huyu." Watu wakatabasamu. "Hapana, sisemi vibaya. Sisi tulikuwa tunamtania na hiyo githeri yake. Tunamwambia, Bedan, weka chumvi kidogo, Mama Lydiah hakuoni, yeye ako Kariobangi. Anasema hapana. Anasema, bibi yangu amekataza, na yeye mwenyewe nyumbani hali, mtoto hali. Nitakulaje mimi?"

Wangeci aliweka kikombe chake chini.

"Siku moja nilimchezea," Mulama aliendelea. "Ameenda kunawa, mimi nikanyunyizia mkebe yake chumvi kidogo tu. Akarudi, akaonja. Akajua. Akafunika mkebe, akakaa na njaa mpaka jioni, na anabeba magunia. Hata hakunikasirikia. Nilimwomba msamaha karibu nilie."

"Na matumbo?" Wangeci aliuliza. "Ya yule mama wa kwa geti?"

Mulama alimtazama asielewe.

"Mama gani? Kwa geti hapana mtu anauza chakula, shemeji. Askari wanafukuza."

Wageni waliendelea kuzungumza, mtu mwingine akaanza hadithi nyingine. Wangeci aliketi pale pale. Wahenga husema njia ya mwongo ni fupi, na kweli, ya Bedan ilikuwa fupi mno, kutoka wodini mpaka kwenye benchi hili. Alikuwa amemtafutia mkewe mtu wa kumkasirikia, akajitoa yeye mwenyewe, kisha akanyoosha mkono. Na Wangeci alikuwa ameukubali ule uongo upesi, kwa furaha, kwa sababu alikuwa akiuhitaji. Sasa ile hasira haikuwepo tena, aliitafuta akaikosa, na kile kilio alichokirudisha siku zote kilikuja chote kwa pamoja, mpaka Nthoki akaacha vyombo akaja kumshika mabega.

Mulama alisimama, amefadhaika, akaomba radhi kama amesema neno baya.

"Hapana," Wangeci alisema alipoweza kusema. "Keti, shemeji. Nieleze tena vile alisema."