Kijiti cha Shamsa

Shamsa alikuwa amelala mkekani mama yake alipompima mguu. Mwanaheri aliweka kijiti cha mpera kuanzia kisigino hadi ncha ya kidole gumba, akakivunja hapo, akakifunga kwenye pindo la kanga. Ndivyo alivyopimwa viatu yeye utotoni. Nani amkokote mtoto wa miaka sita hadi sokoni Lushoto, kisha ampandishe tena mlima ule?

Tena mtoto mwenyewe wa kuanguka. Nyayo zake zilikuwa bapa, vifundo vikilalia ndani, na njia ya shule ilikuwa mteremko mtupu wa udongo mwekundu. Mama mkwe alishatoa hukumu: "Akianguka tena, shule basi. Akae nyumbani mpaka mwakani, miguu ikomae."

Muuguzi wa zahanati alisema atafutiwe viatu vyenye kisigino kigumu, soli ikunjike kwenye vidole tu, na mbele ibaki nafasi ya kidole cha mtu mzima. Mume akasema vinunuliwe vikubwa, atakua navyo. Mama mkwe akasema wao walikua peku na hawakufa. Mwanaheri hakujua ashike la nani.

Sokoni alibinya visigino na kukunja soli mpaka Twaha, muuza mitumba, akashindwa kuvumilia.

"Dada, unanunua viatu au unakanda chapati?"

Mwanaheri aliendelea kubinya. Alipata pea nyeusi, ngumu nyuma, akatumbukiza kijiti. Mbele ikabaki nafasi ya kidole, vilevile alivyoambiwa. Akapanda mlima akiimba.

Nyumbani Shamsa alivivaa, akasimama, akaanza kulia. "Vinabana, mama!"

Mwanaheri akatumbukiza kijiti. Kiliingia, na nafasi ikabaki. Akamvalisha tena. Kilio. Kijiti kilienea, mwenye mguu haenei! Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa.

Siku ya gulio iliyofuata akavirudisha. Twaha naye akapima.

"Mbona kinaingia?"

"Naona."

"Sasa tatizo nini?"

"Si ndiyo nakuuliza wewe!"

Wakabaki wanakiangalia kiatu kana kwamba kitajitetea. Twaha akampa pea kubwa zaidi, lakini kwa kijiti zilikuwa mashua, na mtoto angejikwaa mlangoni tu. Mwanaheri akarudi na zilezile zinazobana. Shule zilikuwa zinafunguliwa kesho yake, na njiani alikuwa karibu kulia.

Alimkuta Shamsa ametoka kuoga, anavuka baraza la saruji miguu ikichuruzika maji. Nyayo zilibaki nyuma yake, pana, hazina kiuno. Mwanaheri alizitazama tu kwanza. Kisha akachuchumaa, akakilaza kijiti kando ya mojawapo. Unyayo ulikipita kwa kidole kizima.

"Kaa, mwanangu." Akampima amekaa, kijiti kikatosha. "Simama." Mguu ukatandazika, ukakipita.

Yaani wiki nzima amekuwa akimtafutia viatu mtoto aliyelala! Akacheka peke yake, kisha akaona uchungu.

Hakungoja. Alimbeba mgongoni mpaka sokoni, akamkuta Twaha anafunga vitu vyake.

"Shikamoo baba," Shamsa akasema kutoka mgongoni.

"Marahaba. Kumbe mwenye miguu yupo!"

Zilezile kubwa alizoziona mashua ndizo zilizomwenea, ngumu nyuma, nafasi ya kidole mbele. Twaha akamwambia mtoto atembee pale kwenye saruji. Mwanaheri akakataa. "Kwetu hakuna tambarare. Atavijaribu mteremkoni."

Asubuhi mama mkwe alisimama uani kushuhudia. Mwanaheri alitangulia mteremkoni, akageuka, akanyoosha mikono kama kawaida yake ili amdake. Shamsa akashuka taratibu, kisigino kwanza, ulimi nje. Mguu mmoja ukateleza kidogo, ukashika. Akampita mama yake bila kumgusa, akaendelea.

Mikono ya Mwanaheri ilibaki hewani, na kwa muda hakujua aipeleke wapi.