Lifti ya Mzee Gerishon

Mara ya kwanza gari lilipozima, Aoko alidhani ndiyo tabia ya magari ya zamani. Walikuwa wamepita Juja wakielekea kazini Thika, lami ikiwa bado na unyevu wa mvua, mara injini ikanyamaza. Gari halikutikisika wala kutoa moshi. Kilichobaki ni mvumo wa magurudumu na upepo dirishani. Mzee Gerishon aliushika usukani kwa mikono miwili, akaliacha gari lijikokote hadi pembeni. Akakaa kidogo, akapiga stata. Likawaka.

"Ni hewa tu imeingia kwa mafuta," alisema.

Wamalwa, aliyeketi mbele, alikohoa na kutazama nje. Walifika kazini salama, na siku ikaendelea kama siku nyingine.

Dianah Aoko alikuwa mkaguzi wa mikebe katika kiwanda cha kusindika matunda, na Gerishon Kinyanjui alikuwa mtunza stoo wa kiwanda hichohicho. Wote wawili waliishi Kiuu, yeye katika nyumba ya kupanga, mzee katika ploti aliyoijenga kabla ya kufiwa na mkewe. Gari alilinunua kwa mtu mmoja wa Murera. Lilikuwa saluni nyeupe kutoka Japani, lenye umri mkubwa lakini viti safi na rangi isiyo na mkwaruzo. Baada ya wiki chache alimsimamisha Aoko nje ya kanisa.

"Mama Maxine, mbona uhangaike stejini na mimi napita hapo kwenu kila asubuhi? Ingia tu twende."

"Basi nitakuwa nachangia mafuta, Mzee."

"Aca, hapana. Wewe kaa tu ndani."

Ruiru walimchukua Wamalwa, kijana wa Bungoma aliyeendesha foklifti pale kiwandani. Naye hakudaiwa chochote. Wafanyakazi wenzao waliwaonea wivu, wakasema Mzee Gerishon amekuwa mtu wa roho safi tangu mkewe aage.

Gari lilizima tena karibu na Witeithie, kisha tena kwenye mteremko wa kabla ya kufika Thika. Halikuzima asubuhi baridi likitoka Kiuu. Lilisubiri mpaka lipate moto na barabara ifunguke, mzee akanyage mafuta, ndipo likate. Kila mara Gerishon alikuwa na maneno yake. Petroli ilikuwa chafu. Betri ilikuwa imelegea. Fundi Kiama wa Ruiru alikuwa amebadilisha pampu ya mafuta na sasa kila kitu kilikuwa sawa. Baadaye Kiama alibadilisha plagi, kisha koili, kisha sensa moja ambayo mzee aliitaja kwa heshima kama jina la daktari bingwa. Lakini gari likifika gereji lilinguruma bila kosa, kama mgonjwa anayepona akimwona daktari, na Kiama akabaki akikuna kichwa.

Hofu ilimwingia Aoko polepole. Mwanzoni alijikuta akiisikiliza injini badala ya mazungumzo. Baadaye aliacha kabisa kuongea garini. Mkanda wa kiti cha nyuma haukushika, kwa hiyo aliuvuta kifuani na kuukamata kwa mkono mpaka vidole vikafa ganzi. Kila lori lililotokea nyuma alilitazama likikua kwenye kioo, taa zake zikipanda, na moyo wake ukapanda nazo. Asubuhi, kabla ya kumwacha Maxine kwa jirani, alikuwa akimbusu, anafika mlangoni, anarudi kumbusu tena. Siku moja mtoto alimuuliza, "Mama, unaenda wapi?" Maxine hakuwa ameuliza hivyo tangu aanze kuongea. Aoko alisema anaenda kazini, na sauti yake haikumridhisha hata yeye mwenyewe.

Kwa nini hakukataa? Alipokuwa na mimba, msimamizi wao alitaka kumwachisha kazi, na ni Mzee Gerishon aliyeingia ofisini, akafunga mlango na kutoka na jibu kwamba Aoko atarudi kazini baada ya kujifungua. Mtu kama huyo unamwambiaje kwamba gari lake linakutisha? Wamalwa naye alimwambia hivyohivyo walipokutana mezani wakati wa chakula. "Aoko, ukikataa lifti yake ni kama umemwambia anataka kukuua. Mimi siwezi. Wewe anza."

Alijaribu. Alimwambia mzee kwamba kuanzia Jumatatu atakuwa akitoka mapema na dada mmoja wa mtaani. Gerishon alinyong'onyea.

"Hata mpaka Ruiru tu?" aliuliza. "Wamalwa ataingia pale, basi wewe ushuke uchukue matatu."

Aoko aliona ombi hilo ni la ajabu. Alifikiri ni upweke wa mtu aliyefiwa. Akaona aibu, na Jumatatu akaingia garini kama kawaida.

Wiki hiyohiyo ndipo waliposikia ile sauti. Simu ya mzee ilikuwa imeunganishwa na redio ya gari, na alikuwa amemwomba Wamalwa amtafutie wimbo wa kanisa. Wamalwa aligusa mahali pasipofaa, akafungua jumbe za sauti. Sauti ya mwanamke ikajaa garini, nzito, kama ya mtu ambaye hajalala.

"Hamjambo kikundi. Ni mimi tena, wa Nakuru. Hii yangu imezima jana kwa mteremko bwana yangu akiendesha. Breki ikawa ngumu kama mawe. Ako hospitali, hajaongea mpaka saa hii. Nauliza, kuna mtu amepata suluhisho? Na zenu pia zinazima zikishapata moto?"

Sauti ya mwanamume ikafuata papo hapo. "Pole sana mama. Mimi yangu nimebadilisha pampu, koili, sensa, kila kitu. Bado. Sasa nimeifunika na turubai, siendeshi tena—"

Gerishon alipeleka mkono haraka na kuizima redio. Gari liliyumba kidogo.

"Hicho ni kikundi cha nini, Mzee?" Wamalwa aliuliza.

"Ni watu wenye magari kama hii. Unajua watu, wanapenda kulalamika."

"Lakini huyo mama amesema bwana yake—"

"Wamalwa, wacha niendeshe."

Aoko aliitazama shingo ya mzee kutoka nyuma. Jasho lilikuwa likiteremka kuingia kwenye kola, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Hapo ndipo alipojua kwamba mzee anajua. Alijua yote, na bado kila asubuhi alisimama kwenye geti lao akitabasamu. Aoko aliogopa mara mbili, kwanza gari, kisha mwenye gari. Aliamua hiyo ingekuwa wiki yake ya mwisho, na kama mzee atakasirika, na akasirike.

Hakuimaliza wiki.

Walikuwa wameipita Juja. Barabara ilikuwa wazi na Gerishon alikuwa katika njia ya ndani kabisa akipita pikipiki iliyobeba kabichi. Nyuma yao lilikuja lori la mawe ya kujengea. Injini ikakata.

"Mzee," alisema Aoko.

"Najua."

Gari lilipungua mwendo. Gerishon alizungusha ufunguo, taa za dashibodi zikawaka zote kwa pamoja, lakini injini haikuitika. Alijaribu kuelekea pembeni, usukani ukamkatalia. Lori lilipiga honi ndefu isiyokoma. Aoko aligeuka na kuona kioo chote cha nyuma kimejaa chuma. Alimwita Mungu kwa Kijaluo, "Nyasaye!", na hakusikia sauti yake mwenyewe.

Wamalwa alijitupa upande wa dereva, akaushika usukani pamoja na mzee, wakauvuta wawili kama watu wanaong'oa kisiki. Gari likakata njia mbele ya pikipiki ya kabichi, ambayo ilifunga breki na kulalia upande. Lori liliwapita. Upepo wake uliinua gari na kulishusha, na kioo cha pembeni kikaondoka kwa mlio kama wa kijiti kinachovunjika. Kisha walikuwa kwenye nyasi, pua ya gari imeinamia mtaro, kila kitu kimetulia.

Mwenye pikipiki aliinuka akawatukana, akaona nyuso zao, akaacha. Aliokota kabichi zake na kwenda.

Aoko alitoka garini kwa magoti. Alitapika kwenye nyasi, kisha akajipapasa mikono, miguu, tumbo. Alikuwa mzima. Wamalwa alikuwa akitembea huku na huko ameshika kichwa, akisema, "Yaya, yaya, yaya." Mzee Gerishon pekee hakutoka. Aoko alipoinama dirishani alimkuta bado ameshika usukani, na vidole havikutaka kufunguka.

"Toka, Mzee."

"Siwezi."

"Umeumia?"

"Siwezi tu." Machozi yalimtoka bila sauti. "Naogopa hii gari, Mama Maxine. Tangu izime mara ya kwanza, kabla yenu, nikiwa peke yangu kwa barabara. Niliona kifo. Siku iliyofuata nilikaa ndani nikashindwa hata kuwasha. Nikasema, nikipata mtu wa kukaa na mimi, nitaweza. Ndipo nikakuita."

Wamalwa alisimama. "Kumbe hiyo lifti…"

"Peke yangu siwezi kuiendesha. Mkiwa ndani, naweza."

"Kwa hivyo sisi ni dawa yako ya woga?" Wamalwa alipaza sauti. "Mimi niko na mama nyumbani, Mzee! Huyu ako na mtoto! Si ungeiuza tu?"

"Nimuuzie nani?" Gerishon alimtazama kwa mara ya kwanza. "Yule mtu wa Murera aliniangalia kwa macho akaniambia haina shida. Nilimpigia baadaye, hashiki simu. Mimi niende nimfanyie mtu mwingine hivyo? Mtu ana watoto? Niliapa siwezi."

Aoko alihisi kitu kikipanda kifuani, na hakikuwa hofu tena.

"Mtu usiyemjua hukutaka afe," alisema. "Na sisi, Mzee?"

Malori yalipita, moja baada ya jingine, na kila moja lilimfanya mzee aruke kwenye kiti.

Wamalwa alichukua mkoba wake na kuondoka kwa miguu kando ya barabara kuelekea Thika. Hakugeuka. Aoko alitamani kumfuata. Badala yake aliingiza mkono dirishani, akachomoa ufunguo na kuutia mfukoni mwa sweta. Kisha akaanza kuvibandua vidole vya mzee kwenye usukani, kimoja kimoja. Vilikuwa baridi kama vya maiti.

"Ukinipa hiyo ufunguo tunaweza kufika Thika polepole," Gerishon alisema kwa sauti ndogo. "Ikipoa huwa inawaka."

"Haiwaki tena na wewe ndani. Wala na mimi. Toka."

Akatoka. Walikaa kwenye nyasi wakimsubiri Kiama aje na gari la kuvuta. Aoko alimpigia jirani, akamwambia ampe Maxine simu. Mtoto alimsimulia habari za paka, na Aoko alilia hapo, mbele ya mzee, akaacha machozi yaende yatakako.

Gereji, Kiama alilizunguka gari mara kadhaa akiguna. "Mzee, bodi iko sawa kabisa. Niachie. Nikibadilisha waya zote, mteja wa hii hakosi. Kuna jamaa wa teksi hapa Ruiru anaitafuta saa hii."

Aoko alimwona mzee akiyumba. Gari lilikuwa limekula akiba yake, na hapa palikuwa na mlango wa kuirudisha. Alitaka kuona mzee ataamua nini mwenyewe.

"Hapana," alisema Gerishon hatimaye. "Toa injini. Kata bodi. Nataka kuona ikikatwa."

"Mzee, hiyo ni hasara."

"Kata, Kiama."

Alisimama pale hadi cheche za mwisho za mashine zikazimika. Baadaye alishika simu, akaongea kwenye kile kikundi. Aliwaambia watu asiowajua jinsi alivyowabeba wenzake akijua, na jinsi lori lilivyopita. Aliwaambia wasisubiri mpaka mtu afe. Aoko alisikia, na ilikuwa vigumu kujua kama amemsamehe. Hajui mpaka leo.

Wamalwa hakurudi kupiga gumzo na mzee. Stoo anapoingia na foklifti husema "habari" na kupakia mzigo wake. Gerishon alipanga chumba Landless, mtaa wa Thika, na kazini anaenda kwa miguu, hata mvua ikinyesha. Kiuu haji mara nyingi. Akija, anapita nyumbani kwa Aoko, anasimama nje ya geti bila kuingia, anamletea Maxine ndizi au parachichi, anauliza kama wote ni wazima. Aoko humjibu, humshukuru, na wakati mwingine humkaribisha chai. Mzee bado hajakubali.

Na Aoko mwenyewe, asubuhi anapokaa ndani ya gari lolote na dereva akibadilisha gia, ile nusu pumzi ambapo injini hushuka sauti kabla ya kupanda tena, mwili wake wote husimama. Abiria wenzake wanachezea simu zao. Yeye husubiri, mkono umeshika kiti cha mbele, mpaka sauti irudi.