Gari la Ijumaa Saa Sita

Haya aliniambia Zaituni mwenyewe, siku ya pili ya Idi, tumekaa barazani kwake hapa Same tunachambua mchele. Alianza akicheka. Katikati akanyamaza, nikadhani amemaliza. Nikaendelea kutoa vijiwe. Mtu mwenye neno hasukumwi, litatoka. Likatoka.

Zaituni ana vyumba vinne vya kupangisha nyuma ya nyumba yake, na asubuhi anakaanga mihogo. Mtoto hakujaliwa. Mwezi wa kwanza alimpokea mpangaji wa miaka kumi na minne, Agape, binti wa Raheli na Loth wa kule juu Chome, aliyepangiwa kidato cha kwanza kwenye sekondari ya hapa chini. Raheli alimleta na godoro jembamba, ndoo, sufuria mbili na mkungu wa ndizi. Akamwambia Zaituni, "Dada, nakuachia macho yangu." Akapanda gari, akarudi mlimani.

Sasa, Loth alikuwa amekubali shule ya mbali kwa masharti mawili. La kwanza, Jumamosi moja katika kila mbili mtoto awe nyumbani, kwenye shamba la tangawizi. La pili, siku mzazi atakapoitwa shuleni kwa makosa, shule imekwisha. "Mimi sitashuka mlima wote huu kwenda kusemwa na kijana wa rika la mdogo wangu," alisema, na Loth akisema amesema.

Tatizo lilikuwa gari. Siku nyingine gari la Chome huondoka Same saa kumi jioni. Ijumaa huondoka saa sita mchana, kwa sababu mwenyewe, mzee Zephania, ni Msabato, hataki jua limzamie barabarani Sabato ikiingia. Jumamosi halitembei kabisa. Na ratiba ya shule, Ijumaa saa nane, watu wakishatoka msikitini, kidato cha kwanza wana vipindi viwili vya Hisabati. Kwa hiyo Ijumaa ya kwenda nyumbani, Agape alikuwa anachukua mkoba wake saa sita kasoro na kuondoka kimya kimya.

Mwezi wa tatu akamjia Zaituni jikoni.

"Mama mwenye nyumba, shikamoo."

"Marahaba. Chumvi imekwisha tena?"

"Hapana. Mwalimu Chande amesema nisiingie darasani bila mzazi."

"Umefanya nini?"

"Ijumaa nakosa Hisabati. Nilimwambia ni gari. Akasema kila mtoro ana gari lake, mzazi wako aje aseme mwenyewe."

"Si umwambie mama yako aje?"

Mtoto akamweleza sharti la baba yake. Halafu akasema, "Useme wewe ndiye mama. Mara moja tu."

"Mimi nikaseme uongo shuleni? Na mtandio huu kichwani?"

"Huko kwetu ukoo mmoja una msikiti na kanisa, mama. Hakuna atakayeuliza."

Zaituni aliniapia kwamba alipotoka nyumbani alikuwa amepanga kusema ukweli: mimi ni mwenye nyumba, mtoto anakwenda kwao, gari ndilo hili. Lakini alipofika mlangoni mwa ofisi, mwalimu Chande, kijana mpole wa sura, aliinuka akavuta kiti, akakipangusa vumbi kwa kiganja. "Karibu, Mama Agape."

"Bibi, sikuwahi kuitwa mama wa mtu kwenye kiti," Zaituni aliniambia. "Nikakaa."

Alipokaa hivyo, mlango wa ukweli ukafungika. Mwalimu akamuuliza, "Haya, mama, Ijumaa mtoto anakwenda wapi?" Jibu alikuwa nalo mdomoni. Lakini angelitoa vipi? Akisema anakwenda kwao Chome, ataulizwa kwao wapi tena, na mama ndiye huyu anayeuza mihogo hapa mjini. Akalimeza. Akasema, "Nitamkanya, mwalimu." Chande akafungua daftari, akaandika kwamba mzazi ameahidi, na mtoto akikosa tena ataondolewa shule. Zaituni akatia sahihi pale penye neno mama.

Fikiria hapo. Mtoto alikuwa na shimo moja, akachimbiwa la pili. Ijumaa iliyofuata ya zamu ya nyumbani, Agape alibaki darasani. Jumamosi jioni baba yake akapiga simu, amepanda jabali wanakotafutia mtandao. "Safari ijayo nisipokuona shambani, njoo na godoro." Zamu iliyofuata, mtoto akapanda gari la saa sita. Alivyorudi Jumapili hakula. Alikaa kitandani na viatu miguuni, akamuuliza Zaituni, "Nikienda nafukuzwa. Nisipokwenda baba ananiondoa. Niende wapi?"

 Zaituni mwenyewe alikuwa amezidi kuzama, maana wakati huo wazazi wa kidato cha kwanza walikuwa wamemchagua yeye kuwa mwakilishi wao. Alichaguliwa kwa sababu anakaa karibu na shule na sauti anayo. Angeweza kukataa. Hakukataa. Alinunua hata kalamu.

Shule ikaita kikao cha wazazi wote, Ijumaa saa nne asubuhi. Agape hakupeleka taarifa nyumbani, alijua mama mmoja anatosha. Asichojua ni kwamba shule iliandika barua kwa wachungaji pia, kwa kuwa simu nyingi za milimani hazipatikani. Jumapili, baada ya sadaka, mzee wa kanisa akasoma matangazo: uchumba wa fulani, msaragambo, kazi ya pamoja ya kuchimba mtaro, na wazazi wenye watoto kwenye shule ile washuke Ijumaa. Kanisa zima likamgeukia Loth na mkewe. Loth angefanya nini? Akamwambia Raheli, "Nenda, urudi na gari la saa sita. Ng'ombe hawezi kulala na njaa."

Kwa hiyo Ijumaa ile Raheli alishuka na gari la alfajiri, akaenda moja kwa moja shuleni na kapu lake, akakaa dawati la nyuma kabisa. Akainua macho. Mbele, kwenye kiti cha wazazi, amekaa mwenye nyumba wa mwanawe.

Zaituni naye akamwona.

"Nilitaka kutoka," aliniambia. "Lakini mlangoni wamesimama watu waliokosa nafasi, na dirisha lina nondo."

Agape alikuwa anagawa chai. Alipofika kwa mama yake, birika likagonga ukingo wa kikombe, kng, kng, kng. Raheli akalishika lile birika, likatulia. Akamuuliza mwanawe kwa Kichasu, lugha ya kwao, taratibu, yule anafanya nini pale mbele.  Mtoto akapita kwa mwingine.

Kikao kikaenda. Uji, madawati, sare. Mwisho mwalimu Chande akasimama na daftari lake.

"Wazazi, utoro wa Ijumaa umetushinda. Naanza na wa kwetu, msije mkasema tunafichiana. Mwakilishi wenu aliahidi hapa kwa maandishi, na mtoto ametoroka tena. Barua ya kumwondoa ninayo, haijapigwa muhuri. Kabla haijapigwa nataka mzazi aseme. Mama Agape, simama. Ijumaa mtoto wako anakwenda wapi?"

Zaituni akasimama. Nyuma, Raheli naye alikuwa ameanza kuinuka, maana ameitwa kwa jina lake. Akaona mtu mwingine ameshasimama kwa jina hilo. Akarudi kukaa.

"Mama Agape?"

Zaituni akaweka kalamu mezani.

"Sema mama," akatania mzee mmoja wa kijiji cha Kisiwani, fimbo yake ya kuchungia mapajani. "Au mtoto amekushinda? Mimi ndama akinishinda namfunga."

Watu wakacheka.  Akisema Chome, yeye ni nani? Akinyamaza, muhuri unapigwa. Na mama mwenye mtoto yuko nyuma yake. Macho yake, aliniambia, aliyasikia kisogoni kama jua la saa saba.

Hapo ndipo honi ikalia barabarani chini ya shule. Mara tatu. Ndivyo gari la mzee Zephania linavyowaita watu wa mlimani.

Raheli akasimama, akashika kapu lake.

"Mama wa nyuma," mwalimu akasema, "kikao hakijaisha."

"Nasikia, mwalimu. Ni gari."

"Magari yapo hata jioni."

"Ya kwetu Ijumaa ni hilo tu. Likishapita, mpaka Jumapili." Honi ikalia tena. Watu wakasogea kumpisha njia. Mlango ulikuwa wazi sasa, na Raheli akatazama ule mlango, akatazama lile daftari. Nyumbani ng'ombe, wadogo wawili wa Agape, na Loth amesema saa sita. Akaweka kapu chini.

"Hilo unalolisikia, mwalimu, ndilo linalomtoa mwanangu darasani."

"Mwanao nani?"

"Agape."

 Mwalimu akamtazama Zaituni. "Na wewe?"

"Mimi ni mwenye nyumba," Zaituni akasema. Sauti ile iliyomfanya achaguliwe haikuwepo.

Kikaanza kicheko, kikakatika chenyewe, kwa sababu Raheli alikuwa anaendelea kusema. Hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu, Kiswahili kinamponyoka na Kichasu kinaingia katikati, lakini alisema yote. Msabato na jua lake. Shamba. Masharti ya mumewe. Alipofika hapo akasita, maana ni siri ya nyumba, kisha akaisema. Huko chini gari likanguruma, likaondoka, sauti ikaishia kwenye kona. Raheli alikuwa bado anaongea.

Mama mmoja upande wa kulia akainua mkono. "Hata wangu hupanda hilo. Alinidanganya kwamba Ijumaa wanafunga mapema." Akafuata mwingine, na mwingine. Wakafika watano, wote wa juu. Hakuna aliyekuwa amewahi kulisema, kila mmoja akidhani ni aibu ya nyumbani kwake.

Chande alikaa. "Mtoto aliniambia," alisema, na uso umemshuka. "Aliniambia ni gari. Mimi nikamdhihaki." Akaikunja ile barua mara mbili, akaiweka mfukoni. "Ratiba niliipanga mimi. Michezo ya Jumanne itakwenda Ijumaa mchana, Hisabati ije Jumanne. Agape anabaki. Ila uongo ni uongo. Atamwagilia miti wiki mbili, maji abebe mwenyewe." Miti ya pale Same, na jua lile, si adhabu ndogo.

Kisha akamgeukia Zaituni. Hakumtukana. Alisema tu, "Mama, kile kiti." Zaituni akaondoka mbele, akaenda nyuma, akakaa kwenye dawati lililokuwa la Raheli, kapu la ndizi miguuni pake. Kalamu yake mpya ilibaki mezani na hakurudi kuichukua. Raheli akaitwa akatia sahihi, herufi moja moja, chini ya ile ya mwenzake.

Walirudi nyumbani watatu. Uani Raheli akageuka.

"Dada, mwezi wa kwanza nilikuletea mkungu wa ndizi. Nilidhani nampa mwenye nyumba."

"Nisamehe, mwenzangu."

"Nilisema nakuachia macho yangu. Sikusema uyavae."

Zaituni akaingia jikoni akalia, akisingizia moshi. Alipotoka na chakula, Raheli alikuwa ameshaanza kuosha vyombo vya mihogo vya tangu asubuhi. Mtu wa mlimani hawezi kukaa bure hata akiwa amekasirika. Wakala sinia moja, macho kila mtu na upande wake.

Magharibi simu ikalia. Loth, yuko jabalini. Raheli akaweka sauti kubwa kwa sababu kitufe kingine hakijui.

"Gari limefika, wewe haumo."

"Limeniacha."

"Umeitwa shuleni?"

Agape akaacha kutafuna.

"Sikuitwa, Baba Agape. Tangazo ulilisikia mwenyewe kanisani. Nimekwenda."

Upepo wa jabalini ukavuma ndani ya simu. "Na mtoto?"

"Yumo shuleni. Jumamosi zako utazipata, Hisabati wameihamisha."

"Ng'ombe je?"

"Kata majani nyuma ya choo."

"Nani atapika?"

"Mikono unayo."

 "Jumapili mje wote wawili," Loth akasema, na simu ikakatika. Agape akamuuliza mama yake, "Ndiyo vizuri, au ndiyo vibaya?" Raheli akasema, "Jumapili tutajua. Lala, kesho una miti."

Kitanda ni cha mtu mmoja. Mtoto akajibana ukutani, akalala hapo hapo, mdomo wazi. Raheli alikaa ukingoni akiutazama mlima dirishani, akihesabu: yeye hapa, ng'ombe kule, na siku nzima katikati isiyo na gari. Kisha akalala naye, miguu imezidi godoro.

Ukuta wa vyumba vile ni mwembamba. Zaituni aliwasikia, pumzi ya mmoja, halafu za wawili. Aliposwali isha, alichukua shuka lake zito, akalisukuma taratibu kwenye upenyo chini ya mlango wao, maana Raheli alikuwa hakuleta lake la kulalia. Akasikia likivutwa kutoka ndani. Hakuambiwa asante. Akarudi chumbani kwake, akalala.