Midomo ya Iolanda Siku ya Kura

Mdogo wangu Iolanda nimemwonea wivu tangu alipoanza kutembea, na sioni haya kusema. Wakati wa vita aliwapita Wajerumani kwa baiskeli, barua za wapiganaji wetu amezishonea ndani ya sketi. Vita vilipokwisha, mji mzima ukamvulia kofia. Mimi niliyewaficha wapiganaji walewale ghalani na kuwapikia ugali wa mahindi miezi saba, nikabaki kuitwa dada yake Iolanda. Hata Oreste, mume wangu, alikuwa akimmiminia divai yeye kwanza.

Ikafika ile Jumapili ya Juni, mwaka arobaini na sita. Tulikuwa tunachagua kati ya mfalme na jamhuri, na sisi wanawake tulikuwa tunapiga kura ya taifa kwa mara ya kwanza. Asubuhi nilisoma onyo gazetini: karatasi ya kura hufungwa kwa kulamba gundi ya ukingoni, kwa hiyo wanawake wasipake rangi ya midomo, doa litaharibu kura. Gazeti hilo nikawashia jiko.

Iolanda akaja kunipitia. "Dada, niazime ile rangi yako ya mdomo. Leo namuaga mfalme, lazima nipendeze."

Nikampa. La gazetini sikumwambia.

"Shemeji, mfalme akikuona hivyo atafungasha mwenyewe," Oreste akasema. Mimi hakunitazama, na gauni langu nilikuwa nimelipiga pasi mara mbili.

Foleni ilitoka shuleni mpaka barabarani. Tulipobakiza watu watatu mbele yetu, Iolanda akanishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Naogopa, dada. Wajerumani sikuwaogopa hivi. Nikikosea je? Renzo alikufa kwa ajili ya hii alama moja tu."

Renzo alikuwa mchumba wake. Walimpiga risasi kwenye ukuta wa shule ileile.

Nikatoa leso, nikamkamata kidevu, nikamfuta midomo mbele ya watu wote, kwa nguvu, mpaka leso ikawa nyekundu.

"Hata leo, dada?" akaniuliza taratibu. "Hata leo?"

"Ersilia, muache mwenzio apendeze," mwanamke wa nyuma yetu akadakia. "Wivu wako umezidi sasa."

Kueleza kwa nini nilimfuta ni kukiri kwamba nilijua habari ya doa nilipompa ile rangi. Nikakunja leso. Iolanda akaingia, akapiga kura yake, akatoka bila kuniangalia.

Jamhuri ilishinda. Kura ya mdogo wangu imo ndani ya ushindi ule, na sababu yake naijua mimi peke yangu. Lakini kila harusi, divai ikishakolea, yeye husimama kuwasimulia watu jinsi dada yake alivyomfuta rangi kwa kijicho, nao hucheka mpaka machozi. Mimi huendelea kukata mkate. Namwonea wivu hata kwa hilo, kwa kuwa yeye anaweza kulisimulia.