Neno Lililoletwa na Samaki wa Kopo

Vaelupe, msemaji wa baraza la kijiji chetu, alifika Jumamosi akisukuma toroli lenye katoni tano za samaki wa kopo. Ndizo nilizotozwa faini na baraza mwaka jana, sasa zinarudishwa; nilitozwa kwa kosa la kusema kwamba choo kipya cha kanisa kimechimbwa juu ya chemchemi, na kwamba tutakunywa mavi yetu wenyewe. Baraza lilisema nimeidharau nyumba ya Mungu.

Sasa watoto tisa wanaharisha damu, na bwana afya kutoka mjini Apia ameyapima maji. Mavi.

"Mzee mwenzangu," alisema Vaelupe, usinga wa cheo chake begani, "baraza limekubali. Umethibitika."

Neno hilo nalijua. Nilijifunza katika shule ya usiku, nilipokuwa kuli bandarini, nikaliandika daftarini: kuthibitika, ukweli kusimama upande wako mbele ya waliokukana. Mwaka mzima nimelingoja. Hata mtoto wa nne alipougua nilitabasamu, na mke wangu Sieni akaniona.

"Unacheka nini, baba?"

Hadi leo nikiukumbuka uso wangu wa siku ile naona kinyaa.

"Choo mnakifukia lini?" nilimuuliza Vaelupe.

"Ah, taratibu! Baada ya sikukuu ya kanisa. Wageni watajisaidia wapi? Kesho wewe simama kanisani, useme umeridhika, nasi tutakutangaza mbele ya watu wote."

"Niridhike, na watoto wanaharisha?"

"Wee mzee, si ulitaka uambiwe ulikuwa sawa? Ndiyo unaambiwa! Au unataka tukupake na mafuta?" Akacheka mpaka tumbo likatikisika.

"Ondoka na samaki wako. Kifukieni choo, hata jina langu msilitaje."

"Na hilo toroli lenu chafu," Sieni akadakia kutoka jikoni, "lipitishe mbali na chakula changu!"

"Haya," alisema Vaelupe. "Watu watajua ni wewe uliyeikataa heshima."

Aliondoka bila kuaga. Nyumba yetu, kama zote za hapa, ni nguzo na paa bila kuta, hivyo nilimwona akishuka hadi kwenye chemchemi, akaegesha toroli, akasuuza miguu pale pale kina mama wanapochotea. Nikatema mate nje, nikachukua koleo la udongo, nikaelekea kwenye choo cha kanisa.