Ubeti wa Tatu

Jumamosi, tarehe 14 Mei 1994, saa tatu na robo asubuhi, manyunyu yakiwa yametulia na ukungu ukiwa bado umeufunika mlima Matogoro, Mwalimu Aidan aliingia katika duka la Kassimu mjini Songea, kaseti yake ikiwa mfukoni. Alikuwa na shilingi elfu ishirini za kununulia deki ya kaseti, ya zamani, ya chuma. Yale madude mapya ya plastiki yenye taa za rangi aliyaona hayana adabu.

Kaseti ilikuwa na kwaya ya shule yao ya bweni, iliyorekodiwa mwaka 1971, Aidan akiwa kaka mkuu. Katika ubeti wa tatu kinanda kilibaki peke yake, kwa kuwa mwimbaji wa ubeti huo, Hironimus, alikuwa amefukuzwa juma moja kabla. Kilo mbili za sukari zilikosekana stoo, Aidan akaliandika jina la Hironimus katika daftari la makosa. Baadaye sukari ilionekana nyuma ya magunia ya maharage. Lakini daftari lilikuwa limekwisha kutiwa saini, na Aidan hakuwa mtu wa kufutafuta madaftari.

Kassimu, mtu wa Tunduru aliyeuza redio za mitumba kutoka Dubai, alimpangia deki tatu mezani, Aidan akaijaribu kaseti yake katika kila moja. Ya kwanza iliburuza sauti kama mtu aliyeamshwa. Ya pili ilikuwa safi, ila bei yake elfu thelathini na tano. Ya tatu haikuwa na mfuniko. Ubeti wa tatu ulipofika, Hironimus akaimba.

"Hii ina mtu wa ziada," alisema Aidan.

"Sikuongezei bei kwa ajili yake, mwalimu. Elfu kumi na nane, na waya nakupa."

Sauti haikuwa ya kijana wa shule. Ilikuwa ya Hironimus wa sasa, katika hali yoyote aliyokuwa nayo saa hiyo. Aidan alilipa, akawa akiipiga kaseti nyumbani kila jioni. Jumanne sauti iliimba na mafua. Alhamisi iliimba ikitafuna.

"Leo kala mihogo," alisema Walburga, mkewe Aidan, akichambua mchele.

Majirani wakaanza kuja na vigoda vyao kila saa kumi na mbili jioni. Siku mafua yalipokwisha, walipiga makofi.

Jumamosi ya tatu, alasiri, Hironimus mwenyewe alipiga hodi. Alikuwa mkulima wa tumbaku Namtumbo, na alileta karanga.

"Habari za siku nyingi, kaka mkuu."

"Nzuri. Karibu."

"Kila saa kumi na mbili jioni sauti inaniondokea, kama dakika moja hivi. Siwezi hata kuita mbuzi. Nimeulizia, nikaambiwa ipo kwako."

"Ipo," alisema Aidan. "Inaimba vizuri."

Walburga akaleta chai. Hironimus alitia sukari vijiko vinne, akakoroga polepole.

"Andika, kaka mkuu."

Walburga alicheka mpaka birika likatikisika mkononi. Aidan hakucheka, ila alimsogezea mgeni bakuli la sukari.

"Unanidai nini, Hironimus?"

"Sauti kaa nayo, mbuzi wameshazoea mluzi. Nakudai neno moja tu. Sema sikuiba. Hapa hapa, mbele ya mama, inatosha."

Aidan alinyoosha kola ya shati. Neno lenyewe alikuwa nalo; alikuwa amelihifadhi miaka ishirini na mitatu, na halikuwa refu.

"Daftari lilitiwa saini," alisema. "Lakini deki hii ichukue. Ni nzima, imekosa mfuniko tu."

"Sikunyang'anywa deki. Tena kwetu hakuna umeme."

Akanywa kikombe cha pili, akamshukuru Walburga, akawahi lori la saa kumi na moja.

Saa kumi na mbili majirani walikuwa wamekwisha kukaa. Ubeti wa tatu ulipofika, sauti ilikuja ikirukaruka kwa kila shimo la barabara ya Namtumbo. Penye daraja bovu ilinyamaza, ikavuka, ikaendelea mpaka mwisho. Wote waliisifu.

"Hajafika mbali," alisema Walburga, akibambua karanga. "Ukimtuma mtu kwa baiskeli atamkuta pale lori litakaposimama njiani kupakia mizigo."

Aidan aliitoa kaseti, akachukua penseli, akaanza kuirudisha nyuma kwa mkono ili kutunza mota. Aliizungusha mpaka mwanzo kabisa, utepe ukakaza. Neno hakulitoa, na mtu wa baiskeli hakutumwa.