Aliyezikwa kwa Jina la Lusweti

Siku kumi na sita kabla ya kufika nyumbani, Lusweti alipiga simu. Alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya jeshi, na muuguzi alimwazima simu yake. Nambari pekee aliyoikumbuka kwa kichwa ilikuwa ya ndugu yake mdogo, Barasa.

"Ni mimi," alisema. "Niko hai. Mwambie mama."

Upande wa pili jogoo aliwika, kisha simu ikakatwa. Alipopiga tena ilikuwa imezimwa. Lusweti alidhani ni mtandao. Alikuwa amekaa miaka minne mikononi mwa wapiganaji ng'ambo ya mpaka, amefungwa mguu kwenye nguzo kama mbuzi, na mtu aliyetoka huko hawazi kwamba ndugu yake anaweza kumzimia simu.

Alifika Lugari siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, akachechemea kutoka barabarani katikati ya mahindi yaliyomfika kifuani. Mama mmoja aliyebeba kuni alimtazama mara moja tu, akautupa mzigo wake na kukimbia.

Nyumbani alimkuta mkewe, Sellah, akianika maharagwe uani.

"Baba Mitchel," Sellah alisema kwa sauti ya chini. Hakusogea.

"Mko wazima?"

"Sisi tulikuzika."

Hakuhitaji kuonyeshwa mahali. Kaburi lilikuwa kando ya nyumba, limepigwa saruji vizuri, na kwenye msalaba waliandika jina lake kamili na nambari yake ya jeshi. Bado alikuwa anaisoma nambari hiyo wakati Barasa alipotoka ndani, kifua wazi, akipiga miayo. Alitoka katika nyumba ambayo Lusweti aliijenga kwa mshahara wake wa kwanza. Sellah alimsogelea Barasa, wakasimama pamoja, na hapo Lusweti akaelewa.

"Ulipokea simu yangu," alisema.

"Nilipokea."

"Ukamwambia nani?"

"Ningemwambia nani? Watu hapa wamepumzika."

Mama yao, Roda, alitokea jikoni akiwa amembeba mtoto mgongoni. Kule kwenye nguzo Lusweti alikuwa amelifikiria jambo hili mara nyingi, jinsi mama atakavyolia, jinsi atakavyomshika uso kwa mikono inayonuka moshi. Roda alimtazama kuanzia miguuni hadi kichwani.

"Huyu ni nani?"

"Ni mimi, mama. Lusweti."

"Lusweti ni huyu." Mama aligeuka ili kumwonyesha vizuri kichwa cha mtoto aliyelala. "Alizaliwa mwaka mmoja na nusu baada ya mazishi. Tukampa jina la marehemu, ndipo nikaanza kula tena. Kabla ya hapo nilikuwa siongei na mtu. Waulize."

"Nishike mkono tu, mama."

"Mtu nilishamwagia udongo, nitamshikaje mkono?"

Hakuletewa kiti wala maji. Maumivu ya mguu yalipomzidi aliketi juu ya saruji ya kaburi, maana hapakuwa na pengine pa kuketi, akauliza walizika nini.

"Jeneza lilikuja limefungwa," Barasa alisema. "Tuliambiwa tusifungue, moto umemharibu. Walitupa kipande cha jaketi chenye jina lako."

Jaketi. Asubuhi ile ya shambulio alipotekwa, Kipruto alikuwa akienda kulinda lango la kambi huku akitetemeka kwa homa, na jaketi lake lilikuwa limelowa mvua. Lusweti alivua lake akamtupia. Nusu saa baadaye lori lenye bomu liligonga lango. Kipruto alikuwa rafiki yake tangu siku ya kusajiliwa. Nyumba yao ilikuwa hapo tu, ng'ambo ya mto Kipkaren. Kwa miaka minne Lusweti alijua kwamba Kipruto amekufa. Hakujua kwamba alikuwa ameletwa hapa.

"Huyu ni Kipruto," alisema. "Mama yake anajua?"

Sellah ndiye aliyejibu. "Chepkirui aliambiwa tu mwanawe hajulikani aliko. Anamwekeanga maziwa kwa kibuyu mpaka leo. Yakichacha sana anamwaga, anaweka mengine."

"Basi lazima tufukue."

Barasa hakupandisha sauti. "Ukifukua, mimi ni nani kwa hii boma? Huyu mtoto ni nani? Wewe rudi mjini. Uko na kazi yako. Tafuta bibi mwingine."

Mchana huo huo Lusweti alivuka daraja kwenda kwa Chepkirui. Alimkuta kizingitini anaosha vibuyu. Alimweleza yote bila kupunguza, homa, mvua, lango, jeneza. Mama yule alisikiliza hadi mwisho huku mkono wake ukiendelea kusugua ndani ya kibuyu.

"Ulimvalisha jina lako," alisema.

"Alisikia baridi, mama."

"Ungemwacha na baridi yake. Ningezika mtoto wangu miaka minne iliyopita."

Kesho yake asubuhi walikwenda pamoja. Majirani walishajaa uani, na msichana wa miaka kumi hivi alichungulia nyuma ya sketi ya Sellah. Lusweti alimtambua binti yake Mitchel kwa paji la uso. Alipomwita kwa jina, msichana alijificha.

Chepkirui alisimama mbele ya Roda. Walikuwa na umri mmoja. Waliwahi kuuziana maziwa na mahindi, na walikaa benchi moja siku vijana wao walipokula kiapo.

"Mama Lusweti, nimekuja kumchukua mtoto wangu."

"Hapa hakuna mtoto wako."

"Mwanao ndiye huyu, amesimama. Kwa nini unakatalia wangu?"

Roda hakumtazama Lusweti. "Mimi niko na mmoja kwa kaburi na mmoja kwa mgongo. Hao wananitosha. Huyo uliyekuja naye, kama unataka mtoto, mchukue."

Chepkirui akamgeukia Lusweti, akamtazama kwa makini, kama mtu anayepewa ng'ombe asiye wake sokoni.

"Huyu si wangu," alisema. "Mimi nataka wangu."

Lusweti alipanga chumba Kakamega mjini, nyuma ya soko, akaenda mahakamani kuomba kaburi lifunguliwe. Ilichukua miezi minane. Barasa alileta wakili, na kwa siku mbili nzima Lusweti alilazimika kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Sellah aliitwa kutoa ushahidi. Aliulizwa kama anamtambua mtu huyu. Alimtazama Barasa kwanza, kisha akasema anafanana na mume wake marehemu. Alama za vidole ndizo zilizomtetea.

Kaburi lilifunguliwa Jumanne, mvua ikinyunya, polisi watatu wakilinda. Roda alijifungia ndani na mtoto. Mifupa ilipimwa, ikaonekana ni ya Kipruto, na Chepkirui akapewa sanduku jipya, fupi kuliko lile la kwanza.

Lusweti aliomba awe mmoja wa watakaolibeba, na hakuna aliyemkatalia. Walivuka daraja wakiwa wanne, yeye mbele upande wa kushoto, mguu mbovu ukimtesa kila hatua. Langoni kwa Chepkirui watu walikuwa wamesimama kwa mistari miwili, na shimo lilikuwa tayari. Chepkirui akaja mbele akainua mkono.

"Wewe weka hapo," alimwambia. "Hapa ndani watambeba watu wa kwao."

Wakalishusha kwenye nyasi. Mpwa wa Kipruto alikuja akashika pembe ya kushoto, sanduku likainuliwa tena, likaingia langoni. Lusweti alisubiri hadi lango lilipofungwa, kisha akashika njia ya kurudi mjini.